Afande wa Chumba cha Vipimo

Neno lake lilikuwa "Rudia." Kwa miaka minne nililisikia mara nyingi kuliko jina langu, na kwake jina langu halikuwepo. Aliniita Askari. Nilikuwa nimetoka kazi ya kulinda geti kweli, lakini hata baada ya kuvua sare na kuvaa koti la kijivu la karakana aliendelea kuniita hivyo, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu kilichowekwa mahali pasipo pake.

Sisi tulimwita Afande. Alikuwa amestaafu jeshini huko kwetu Kenya, upande wa mafundi wa silaha, na alitaka watu walijue hilo kabla ya jambo lingine lolote. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hakuniambia, nami sikuuliza. Nitaeleza nilichokiona. Naandika nikiwa na kinyongo, na msomaji akitaka apunguze kidogo katika kila ninachosema. Mimi mwenyewe nimeshapunguza.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya klabu ya kulenga shabaha, kupita Al Wukair, nje ya Doha kule Qatar, pale ambapo miaka ile lami ilikuwa inaishia na changarawe kuanza. Wanachama walikuwa watu wenye nafasi, waliopenda kulala kifudifudi na kutoboa karatasi iliyo mbali kiasi kwamba huioni kwa macho matupu. Risasi za dukani hazikuwaridhisha, kwa sababu hazilingani sawasawa. Kwa hiyo maganda yaliyokwisha kupigwa yaliokotwa, yakasafishwa, yakajazwa upya kwetu: fataki mpya, baruti iliyopimwa, kichwa kipya kilichobanwa kwa kina kile kile. Kazi yote ilikuwa kulinganisha. Risasi mia zikitoka mle ndani zilipaswa kuwa risasi moja iliyorudiwa mara mia.

Ndiyo maana vifaa vilikuwa vingi kuliko watu. Kulikuwa na kalipa mbili, yaani rula ya chuma yenye taya za kubania kitu na saa ndogo yenye mshale, maikromita moja ya kupimia unene, mizani ya boriti, kisanduku cha mawe ya kupimia, jiwe dogo kabisa likiwa jembamba kama ukucha. Afande alivifunga kila kimoja katika kitambaa chake, na kila kitambaa kilikuwa na rangi yake. Ukifunga maikromita kwa kitambaa cha kalipa hakusema kitu. Alikifungua, akakiweka mezani, akakaa na kukutazama mpaka ujue mwenyewe.

Utaratibu wake wa kazi ulikuwa mmoja. Msomaji anapima na kusoma kwa sauti. Msikilizaji anasema "Rudia." Msomaji anaachia taya, anabana upya, anasoma tena. Namba zikilingana, inaandikwa daftarini. Na namba ikishaandikwa ni ya aliyeiandika.

"Si ya kalipa," alikuwa akisema, "na si ya Mungu. Ni ya mwenye kalamu."

Msomaji nilikuwa mimi. Mwandishi nilikuwa mimi vilevile. Yeye alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, akisikiliza, na mwisho wa ukurasa akasaini.

"Soma, Askari."

Nasoma.

"Rudia."

Narudia.

"Unasoma ama unakisia? Mbona sauti inatetemeka? Mshale hautetemeki."

Siku ya kwanza nilisoma ganda moja mara kumi na tisa. Namba ilikuwa ile ile tangu mara ya kwanza. Mara ya ishirini akasema, "Haya, andika," kana kwamba hatimaye nimeipata.

Sikusoma ufundi popote. Nilimaliza kidato cha pili, nikalinda maghala Nakuru, nikaja Doha kulinda geti. Pale getini nilikuta kitabu cha maelezo ya kalipa kilichotupwa pamoja na boksi lake, nikakisoma kwa kamusi zamu baada ya zamu, nikijaribu picha zake kwa rula ya plastiki. Mudir, yaani meneja wa klabu, mwenyeji wa hapo aliyekuwa mlengaji mzuri, alisimamisha gari siku moja akaniuliza ninachora nini. Nikamwonyesha. Wiki hiyo hiyo nikahamishiwa kwa Afande, bila Afande kuulizwa. Nadhani hilo hakunisamehe. Alitaka kuchagua mtu wake mwenyewe.

Vidole vyake sitavisema vibaya. Alichukua ganda, akalizungusha kati ya kidole gumba na cha kati huku akitazama ukutani, akaliweka kushoto au kulia. Baadaye nilipima yale ya kushoto na yale ya kulia. Tofauti ilikuwa sehemu moja au mbili za mia za milimita, na hakukosea hata moja. Mpaka leo, nikiwa fundi wa vipimo, sijaona mtu mwingine wa namna hiyo. Nilidhani anaringa. Nilidhani anatazama ukutani ili tuone kwamba hahitaji kutazama.

Joto alilijua vizuri vilevile. Ganda lililotoka nje juani halikupimwa. Lilikaa mezani mpaka lipoe kama chumba, kwa sababu shaba yenye moto ni ndefu kuliko shaba iliyopoa. Kiyoyozi kilitangulia kufanya kazi tangu asubuhi ndipo tukaanza. Lakini wakati wa kupima baruti alikizima, maana upepo wake ulisukuma boriti ya mizani. Agosti, chumba kimefungwa, kiyoyozi kimezimwa, na sisi wawili vitambaa vimefungwa kwenye vipaji vya nyuso ili jasho lisidondoke kwenye sahani ya mizani. Hakuruhusu kupumua kuelekea mizani. Ukitaka kupumua, unageuka.

Siku moja Wasswa, dereva wa klabu kutoka Uganda, alifungua mlango ghafla akitukuta hivyo, mmoja ameinama, mwingine amegeukia ukuta.

"Ssebo, bwana! Nyinyi munafanya kazi ama munaombea maiti?"

"Funga mlango!" Afande akapiga kelele. "Umeleta jangwa lote!"

"Nimeleta chai."

"Chai ina mvuke. Mvuke ni maji. Maji na baruti wapi na wapi? Toka!"

Wasswa akatoka. Nje tulimsikia akicheka mpaka kwenye gari. Kesho yake, Afande alimsainia Wasswa fomu yake ya likizo bila hata kuuliza ni siku ngapi. Ndivyo alivyokuwa. Kwa mtu asiyegusa vifaa vyake alikuwa mzee mpole. Alimtumia kasisi wa Kiganda nauli ya kwenda kuona wagonjwa, alimfundisha mfagiaji kusoma saa ya ukutani. Ukali wote aliuweka kwa yule aliyekaa kwenye kiti kilicho mbele yake.

Kuna jambo moja la ukaidi wake nililielewa baadaye sana. Mudir aliagiza kalipa ya betri, ya tarakimu kubwa nyeusi, inayojisoma yenyewe. Afande aliitazama kwa mbali, akaisogeza kwa ncha ya kalamu.

"Hii ni ya kupimia samaki," akasema. "Betri ikichoka itakudanganya na hautajua."

"Lakini Afande, tarakimu zake ni kubwa. Mtu yeyote anaweza kuisoma."

"Ndiyo," akasema. "Mtu yeyote."

Akaifungia kwenye kabati, na ufunguo akauning'iniza shingoni.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka, maana bila hilo mengine yote ni malalamiko ya kazini tu. Kitambulisho changu cha ukaazi kiliandikwa kazi yangu: haris, mlinzi. Mlinzi hakuweza kuleta familia. Fundi aliweza kuomba. Mke wangu Mercy alikuwa Nakuru na binti yetu wa miaka kumi na mmoja, ambaye nilikuwa nimemwona kwa likizo mbili tangu aanze shule. Mudir aliniahidi kwamba mashindano na klabu ya wageni yakiisha salama, atapeleka karatasi za kubadilisha neno hilo moja. Kilichohitajika ni barua fupi inayosema naijua kazi ya vipimo, na saini ya Afande chini yake.

Mudir aliiandika barua. Afande aliipokea, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kisanduku cha mawe ya mizani.

"Itakaa hapa na mawe," akasema, "mpaka nijue uzito wako."

"Afande, ni saini tu."

"Saini si chai, Askari, ya kumgawia kila anayepita. Nikisaini wewe ni fundi, halafu ukose, mimi ndiye nimekosa."

Barua ilikaa humo wiki sita. Kila asubuhi nilipofungua kisanduku kuhakiki mizani niliiona.

Wiki ya mashindano ilipofika, asubuhi ya kutengeneza risasi za Mudir mwenyewe, Afande alinizuia mlangoni.

"Getini hakuna mtu. Mlinzi ameugua. Rudi kwenu leo."

"Na risasi za Mudir?"

"Nilikuwa nabana risasi wewe ukichunga mbuzi. Nenda."

Nilivaa sare niliyokuwa nimeiacha miaka minne. Nilifungua geti na kulifunga siku nzima, na magari ya watu niliokuwa nawajazia risasi yalipita bila kunitambua. Jioni nilirudi chumbani. Risasi hamsini zilikuwa zimesimama kwenye kibao chake, zinang'aa, nzuri kuzitazama. Daftari lilikuwa wazi, ukurasa mtupu. Afande alikuwa amesimama mahali pake, mikono mgongoni.

"Kaa. Andika."

Akanitajia urefu wa risasi, kutoka kitako hadi pale kichwa kinapogusa mikwaruzo ya ndani ya mtutu. Akasema namba moja, kwa sauti kavu, mara moja. Nikaiandika.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa msomaji na mimi msikilizaji. Utaratibu ulitaka niseme "Rudia." Utaratibu ulitaka abane tena mbele yangu, asome tena. Neno lilinifika mdomoni. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia Afande rudia, na barua yangu ilikuwa kisandukuni. Niliandika namba ambayo sikuisoma. Yeye akasaini.

Siku ya pili ya mashindano, Mudir alilala kwenye mkeka mbele ya wageni wake, akasukuma risasi ya kwanza. Bolti, lile komeo la bunduki, ikagoma kufunga. Akailazimisha, ikafunga, na kabla hajapiga msimamizi wa uwanja akaamuru silaha zifunguliwe kwa sababu upepo ulikuwa umeinua vumbi. Mudir akafungua. Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu, na baruti yote ikamwagika kwenye mitambo ya bunduki, chembe kwa chembe, kama pilipili manga. Siku yake iliishia hapo. Mgeni mmoja alicheka. Nilikuwa nimebeba maji nyuma yao, nikakisikia kicheko.

Mimi na kalipa tuliijua sababu kabla ya saa moja kupita. Risasi zile zilikuwa ndefu kwa milimita moja kamili. Si moja na kitu, wala si pungufu ya moja. Kwenye kalipa ya mshale, mshale ukizunguka mzunguko mmoja ni milimita moja, kisha unarudi pale pale ulipokuwa. Mshale unakuambia sehemu za mia. Milimita zenyewe unazisoma kwenye rula, kwa mistari midogo iliyochongwa kwenye chuma. Afande alikuwa amesoma mshale, na mshale ulisema kweli. Mistari ya kwenye rula hakuisoma.

Mudir alikuja chumbani bado ana vumbi kwenye nyusi. Alichanganya Kiingereza na Kiarabu kama kawaida yake. Nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Ya Afande, nani alipima hizi?"

Afande hakunitazama. Alilisogeza daftari mbele, akaligonga kwa kidole.

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wa kwangu," nikasema.

"Uliiandika wewe?"

"Niliiandika. Lakini msomaji alikuwa—"

"Namba ni ya mwenye kalamu," Afande akasema. "Ndiyo sheria ya chumba hiki. Yeye anaijua. Muulize kama haijui."

Mudir akaniuliza kama naijua. Nikasema naijua.

"Khalas," akasema, yaani yamekwisha, naye alisema kwa huzuni. Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia mkono wangu, kana kwamba ndio uliomwangusha.

Afande alifungua kisanduku cha mawe, akatoa ile barua, akamrudishia Mudir ikiwa bado imekunjwa mara nne. Sikuwahi kumwona akifanya jambo kwa utulivu zaidi. Kisha akanyoosha mkono kwangu apokee koti la kijivu.

Nilihamishiwa kwa kampuni ya ulinzi, geti la jengo la makazi Al Thumama, ambapo ndege zilishuka juu ya kibanda changu kwa mpangilio nilioujua kwa moyo. Nilikaa huko miaka mitano. Nilinunua kalipa zilizokufa kwenye soko la vitu vikuukuu, nikazifungua kwa bisibisi ya miwani, nikahesabu meno ya gurudumu linalozungusha mshale. Nilijifunza kuzisafisha, kisha kuzirekebisha, kisha kuzihakiki. Karakana moja ikanichukua kusafisha vifaa, na baada ya miaka miwili ikaniita fundi na kupeleka karatasi. Neno lilibadilika kwenye kitambulisho changu miaka saba baada ya ile siku. Binti yangu alikuwa ametimiza kumi na minane na amepata chuo Eldoret. Nilimpigia Mercy.

"Sasa naweza kukuombea kibali cha kuja," nikamwambia.

"Baba Ciku," akasema, "nina vyerehani vinne na wasichana watatu nimewaajiri. Nikija huko nikae nikitazama nini?"

Hakuwa na hasira. Hilo lilinikalia vibaya zaidi.

Habari za Afande nilizipata kwa Wasswa. Baada yangu alipewa msomaji mwingine, kisha mwingine. Wote walikuja na kuondoka. Mwisho klabu ikafunga kile chumba na kununua risasi za kiwandani. "Muzee anakaa Al Wakrah na Wakenya wengine," Wasswa aliniambia. "Anangoja tiketi. Anagusa ukuta akitembea." Nilisikia maneno hayo na sikuyafikiria.

Nilimkuta kwenye kituo cha afya cha Al Wakrah. Nilikuwa nimepeleka mkono wangu uliokatwa na bati. Alikuwa amekaa kwenye safu ya viti mbele yangu, shati limepigwa pasi, karatasi ya namba ya foleni ameishika karibu na pua, kisha akaiweka mbali, kisha karibu tena. Aligeuka nyuma kwa mtu wa karibu naye, ambaye alikuwa mimi.

"Ndugu yangu, hebu nisomee hii."

"Mia moja arobaini na sita," nikasema.

Akainamisha kichwa.

"Rudia."

"Mia moja arobaini na sita."

"Askari," akasema. Alikuwa anatazama mahali pengine kabisa, kwenye mashine ya maji. "Bado unasoma kama mtu anayeogopa."

Ningeweza kuondoka. Muuguzi, Mkenya kwa lafudhi, alipita na ubao wa kuandikia. "Mzee, fomu bado haijajazwa? Mwambie kijana wako akusaidie." Akaniwekea ubao mapajani bila kungoja jibu. Nilikuwa na miaka arobaini na saba.

Nilijaza. Jina lake, ambalo siliandiki hapa. Umri, akataja, nikaandika. Dawa anazotumia, hakuna. Nikafika kwenye swali la tano.

"Wanauliza tangu lini macho hayaoni vizuri."

"Miaka miwili."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Sikuishusha.

"Rudia," nikasema.

Mama mmoja aliyekuwa karibu alitutazama. Mikono ya Afande ilikuwa kwenye magoti, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kinasugua kile cha kati, taratibu, kama kinazungusha ganda.

"Umesema nini?"

"Nimesema rudia, Afande."

Namba mbili ziliitwa kwenye spika, si yake.

"Tangu kabla hujatoka getini kuja kwangu," akasema.

"Fomu inataka miaka."

"Basi hesabu. Si wewe ndiye fundi?"

Sikujua kama ni dharau au ni kitu kingine, na sikumuuliza. Nilihesabu. Nikaandika: zaidi ya kumi na moja. Kisha nikaushika mkono wake, nikauwekea kalamu, na kuielekeza ncha kwenye mstari ulio chini. Akasaini, saini ile ile yenye mkia mrefu, ikatoka nje ya kisanduku.

Sikumsamehe. Sikumwambia hivyo, na sidhani alihitaji kuambiwa. Nilisimama nimpelekee muuguzi fomu. Akanishika mkono wa shati.

"Umeandika nini?"

"Zaidi ya kumi na moja."

Nilingoja. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Kisha akaufunga, akaniachia shati, na hakusema rudia.